Ukienda Tsavo, Usiende Saa ya Kila Mtu

Msomaji, je, umewahi kuketi ndani ya gari kwenye Lango la Voi, mbuga ya Tsavo Mashariki, siku ya pili ya Krismasi, saa tatu unusu asubuhi? Kama bado, basi hujajua maana ya subira. Mbele yako kuna basi la shule, mbele ya basi kuna matatu nne zilizotoka Mombasa usiku wa manane, na mbele ya hizo kuna magari ya watu binafsi ambayo huwezi kuyahesabu kwa sababu barabara inapinda. Jua limekwisha kupanda. Watoto wanauliza swali lile lile kila baada ya dakika mbili. Nao nyani, ambao wanaijua siku hiyo kuliko wewe, wamekaa juu ya ukuta wakingoja mtu ateremshe kioo.

Mimi nilikuwa katika foleni hiyo, tena kwa makosa yangu mwenyewe. Tulikuwa tumekula Krismasi nyumbani upande wa Mwatate, na nikaamua kwamba mwaka huo mama yangu, ambaye watoto wangu humwita Nyanya, lazima aingie Tsavo. Usishangae. Nyanya amezaliwa chini ya milima ya Taita na ameishi miaka zaidi ya sabini karibu na mbuga hii. Ndovu anamjua vizuri sana, maana ndovu wamemlia mahindi shambani si mara moja wala mbili. Lakini kumtazama ndovu mchana, akiwa ameketi kwa raha kama mgeni aliyelipa ada yake, hilo hakuwahi kulifanya. Magari ya watalii aliyaona tu yakipita.

Basi tukanywa chai bila haraka, tukatoka saa mbili, tukasimama Voi kununua maji na ndizi, na tukafika langoni wakati kila mtu alipokuwa akifika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimelipa ada mapema. Nilikuwa na noti mfukoni, na noti hazipokewi. Malipo hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, na simu yangu haikuwa na salio la kutosha wala sikukumbuka nywila niliyoiweka mwaka uliotangulia. Nikashuka, nikahangaika juani kama mtu aliyepoteza mbuzi sokoni. Nyuma yangu wenzangu wakapiga honi, na walikuwa na haki.

Tuliingia saa tano na dakika ishirini. Chapati mbili zilikuwa zimekwisha chukuliwa na nyani. Nusu saa baadaye tuliona magari yamerundikana, na dereva mmoja akatwambia kwa ishara ya mkono kuwa kuna simba. Mwanangu wa kiume alihesabu magari kumi na tisa. Simba mwenyewe alikuwa chini ya kichaka, na kutoka mahali tulipokwama tuliona kichaka. Tulipotoka jioni nilimwuliza mama ameonaje safari. Akajibu kwa upole, "Mwanangu, nimeona magari mazuri sana."

Jibu hilo liliniuma kuliko honi zote za asubuhi. Umri wa Nyanya si wa kuahirisha mambo. Ndiyo maana nimeshika kalamu leo, msomaji, ili usije ukampeleka mzee wako au watoto wako kuona migongo ya magari.

Nafasi ipo

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Mbuga za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizoanzishwa mwaka 1948, zina ukubwa wa takriban kilomita mraba 22,000 zikijumlishwa. Nchi nzima ya Rwanda ina takriban 26,000. Tsavo Mashariki peke yake inapita kilomita mraba 13,000. Haiwezekani mahali kama hapo pakakosa nafasi.

Nafasi ipo. Shida ni kwamba sisi sote tunataka lango moja, barabara moja na simba mmoja, tena saa moja. Wageni wanaolala hoteli za pwani hutoka alfajiri na kufika Voi au Bachuma kati ya saa mbili na saa nne. Mabasi ya shule hufika saa hizo hizo. Familia za Nairobi zilizolala mjini Voi huamka, hunywa chai, nazo hufika saa hizo hizo. Kisha wote hufuata njia zile zile za Kanderi na Aruba, maana ndizo zilizo karibu. Ifikapo saa tisa, watu wamechoka wanageuza magari, na lango linajaa tena kwa upande wa pili.

Hata Ulaya wanalia

Usifikiri kwamba foleni ni ugonjwa wetu peke yetu. Huko Athens, Ugiriki, serikali iliona kilima cha Acropolis kinazidiwa na watu, na tangu Septemba 2023 ikaweka kikomo cha wageni 20,000 kwa siku, kila mmoja akipewa saa yake ya kuingia. Mji wa Venice, Italia, ulianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza euro 5 wageni wa kutwa katika siku za msongamano. Mjini Paris, mwezi Juni 2025, wafanyakazi wa jumba la makumbusho la Louvre waliacha kazi kwa saa kadhaa wakilalamikia umati, na maelfu ya wageni waliokuwa na tikiti mkononi wakabaki nje wamesimama.

Utaona kwamba Wazungu wamefikia uamuzi mmoja: siku hizi tikiti hubeba saa pamoja na mahali. Sisi Tsavo bado hatujapangiwa saa na mtu. Tuna uhuru wa kuichagua wenyewe, na ni ajabu kwamba uhuru huo tunautumia kufika pamoja.

Chagua saa yako

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika kabla ya saa hiyo, utakuta magari machache ya madereva wenye uzoefu, nawe utaingia kabla umande haujakauka. Faida yake si kukwepa foleni tu. Nyika ya Voi ni ya joto kali, na wanyama wana akili kuliko sisi: asubuhi mapema na jioni hutembea, hula na kunywa, na saa sita mchana hulala kivulini. Kwa hiyo anayeingia saa tano analipa ada kamili ili awatazame wanyama wakiwa wamelala, kama atawaona.

Saa nyingine nzuri ni alasiri, watu wanapotoka, ila uhakikishe unatoka kabla lango halijafungwa. Wengi husahau kwamba mbuga haina taa za barabarani.

Chagua pia mwezi wako. Msongamano huja likizo za shule, na zaidi Agosti na Desemba, kisha Pasaka na wikendi ndefu. Januari watoto wakisharudi shuleni, na Februari yote, barabara huwa nyeupe. Tena miezi hiyo ni ya ukavu upande wa Voi. Majani yamepungua, maji yamebaki mahali pachache, na wanyama huyafuata. Watakwambia, "Lakini watoto wako shuleni." Ni kweli. Lakini kuna Jumamosi, na treni ipo.

Jiandae kabla ya foleni

Ukisafiri kwa treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria Juni 2017, kumbuka kuchukua ile inayosimama katika vituo vya kaunti. Tikiti za Desemba huisha mapema mno. Ukaguzi wa mizigo kabla ya kupanda nao una foleni yake, basi fika mapema na usibebe visu vya kumenyea maembe. Ukishuka Voi, lala hapo, kisha uamkie langoni asubuhi.

Ada ilipe jana yake ukiwa umeketi mezani, si ukiwa umesimama juani kama mimi. Hakikisha unaijua nywila yako, na stakabadhi uichapishe au uihifadhi katika simu yenye chaji. Beba kitambulisho cha kila mtu mzima, maana mwananchi hulipa pungufu ya mgeni wa ng'ambo na ni lazima athibitishe kuwa ni mwananchi. Walimu wanaoleta shule wafanye mipango ya barua na malipo wiki kadhaa mbele. Basi moja lisilo na karatasi huwachelewesha watu mia.

Maji beba mengi, chakula kifungie ndani ya gari, na vioo viache juu karibu na lango. Watoto wapelekwe msalani mjini Voi. Mambo haya ni madogo, lakini foleni hurefushwa na mambo madogo.

Ikiwa foleni imekupata licha ya yote hayo, usikae bure. Wasimulie watoto habari za mwaka 1898, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengewa daraja juu ya Mto Tsavo, kaskazini ya Voi. Simba wawili wa kiume, wasio na manyoya shingoni kama walivyo wengi wa Tsavo, walikuwa wakiwanyakua wafanyakazi kutoka mahemani usiku. Kazi ilisimama, watu wakakimbia. Mhandisi John Patterson aliwapiga risasi wote wawili mwezi Desemba mwaka huo. Yeye alidai waliwaua watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya miaka mingi baadaye walikisia kuwa ni watu 35 hivi. Mwaka 1924 Patterson aliziuza ngozi kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago, Marekani, na hadi leo ziko huko zikiwa zimejazwa na kusimamishwa kama simba hai. Kwa hiyo simba wa Tsavo wenye sifa kuu kuliko wote hawako Tsavo. Wanangu waliposikia hivyo walisahau joto kwa robo saa nzima.

Ondoka kwenye njia ya wengi

Sasa nikwambie siri ambayo si siri kwetu sisi wa Taita Taveta. Wageni wengi huifahamu Voi kama lango tu. Huingia mbugani, hutoka, na kukimbilia pwani au Nairobi. Ukigeuza gari upande wa machweo utapata mambo ambayo hayana foleni kabisa.

Ndani ya Tsavo Mashariki kwenyewe, nenda Mwamba wa Mudanda, mgongo wa jiwe wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja unusu, ambao chini yake wanyama huja kunywa maji. Endelea hadi maporomoko ya Lugard kwenye Mto Galana, ambapo maji yameyachonga mawe kama mfinyanzi. Wanaoingia kwa safari ya saa tatu hawafiki huko.

Upande wa Tsavo Magharibi kuna chemchemi za Mzima. Maji ya mvua ya Milima ya Chyulu hupita chini ya mawe ya volkano na kuchomoza hapo yakiwa meupe kama kioo, viboko na samaki wakionekana ndani. Kama wewe ni mkazi wa Mombasa, yamkini umeyanywa maji hayo bila kujua, maana bomba huyaleta hadi mjini kwenu.

Panda milima. Kutoka Voi hadi Mwatate, kisha Wundanyi, barabara inazunguka na hewa inabadilika hadi ukatafuta sweta. Kilele cha Vuria kina mita zipatazo 2,200. Katika masalio ya misitu kama Ngangao na Mbololo wako ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani, akiwemo kirumbizi wa Taita ambaye idadi yake ni ndogo mno. Katika mapango ya milimani yamehifadhiwa mafuvu ya wazee wa zamani wa Kitaita. Huko usiende bila ruhusa na bila mwenyeji, na usiguse kitu. Hayo ni makaburi ya babu za watu.

Teremka njia ya Taveta, ambayo siku hizi ina lami. Utapita Maktau na Mbuyuni, halafu kilima cha Salaita, ambapo tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, wengi wao wakiwa Waafrika Kusini, yalishindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika. Mbele yako ni Kilimanjaro, na kando yake Ziwa Chala lililojificha ndani ya shimo la volkano, nusu likiwa Kenya na nusu Tanzania. Mwanafunzi wa historia atajifunza hapo kwa siku moja mambo ambayo kitabuni humchukua muhula mzima.

Na Sagalla, ng'ambo ya mji wa Voi, utaona mizinga ya nyuki imening'inizwa kwa waya kuzunguka mashamba. Ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Akiutikisa waya, nyuki hutoka, naye hugeuka. Mgeni anayenunua chupa ya asali hapo anamsaidia mkulima anayeishi na ndovu usiku, wakati sisi tunamtazama mchana.

Adabu mbele ya mnyama

Limebaki neno juu ya foleni ya ndani, ile ya magari kumi na tisa. Mnyama akionekana, habari huruka kwa redio na simu kutoka dereva hadi dereva, na kila mmoja ana abiria waliolipa wanaomwambia, "Karibia kidogo." Dereva hana nguvu ya kukataa. Wewe abiria ndiwe mwenye nguvu hiyo.

Usimwambie dereva atoke nje ya njia. Usishuke, usipige kelele, usizibe upande ambao mnyama anataka kupita. Mfikirie duma, ambaye huwinda mchana. Magari yakimzunguka, swala humwona mapema na kukimbia, naye atalala njaa pamoja na watoto wake. Mwezi Julai 2025 picha zilienea za watalii huko Serengeti walioshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa mto, wakawazuia nyumbu waliotaka kuvuka. Watu hao walisafiri kutoka mbali ili kuona kitu, kisha wakasimama mbele ya kitu hicho hicho.

Basi ukikuta magari matano, tazama dakika chache, kisha wapishe wengine. Ukikuta kumi, usisimame. Kuna kilomita nyingi mbele yako ambazo hakuna mtu.

Safari ya pili

Februari iliyofuata nilirudi kumchukua Nyanya. Sikumwambia lolote juu ya simba. Tulilala Voi, ada nilikuwa nimelipa tangu Alhamisi, na saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa langoni, gari la tatu. Nyani walikuwa bado wamejikunyata.

Simba hatukumwona. Lakini upande wa Kanderi, kwenye kidimbwi kilichobaki, tulikuta ndovu kumi na wawili, wekundu kwa udongo wa Tsavo, na gari lilikuwa letu peke yetu. Nikazima injini. Dume mmoja mkubwa alikuwa akinywa mahali maji yalipokuwa masafi, na vijana wawili walisimama nyuma yake, mikonga chini, wakimngoja. Alipomaliza akaondoka polepole, nao wakasogea. Tulikaa pale karibu saa nzima bila mtu kusema neno, hata watoto.

Mwishowe Nyanya akasema, "Kumbe wana adabu hivi. Wakija kwangu usiku hawangoji." Akacheka, nasi tukacheka, na ndovu mmoja akageuza sikio kututazama.

Tulipokuwa tukitoka saa tatu unusu, foleni ilikuwa imeanza kujikusanya langoni, watu wakiwa vioo juu, watoto wakilia. Nyanya akawapungia mkono wote, gari baada ya gari, mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaniambia nipite sokoni Voi ninunue mbegu za mahindi, maana mvua zilikuwa karibu.